Pisha Pikipiki: Hotuba kwa Madereva wa Tabora

Mwangaluka, ndugu zangu. Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu zetu wa trafiki, viongozi wa vijiwe vya bodaboda kutoka Isevya, Ng'ambo, Cheyo na Kiloleni, wazazi, na hasa nyinyi madereva wa magari madogo, hiace, Fuso na mabasi: ahsanteni kwa kuacha kazi asubuhi hii.

Maneno ya leo yanawahusu kwanza wenye magari. Bodaboda anasemwa kila siku, redioni, msikitini, kanisani na kwenye mikutano ya mtaa: hana kofia ngumu, kapakia mishikaki, kapita kushoto. Mengi ya hayo ni kweli na zamu yake itafika. Lakini iko ajali ambayo mwenye pikipiki anaweza kuwa na leseni, kofia, taa inayowaka na mwendo halali, na bado akavunjika mguu au akafa, kwa sababu uwezo wa kuizuia uko mikononi mwa mtu mwingine. Gari limefika njia panda, linataka kukunja kulia. Pikipiki inatoka mbele, iko upande wake, inakwenda moja kwa moja. Gari linakata. Au gari linatoka mtaa wa vumbi kuingia lami, dereva anachungulia, anatoka, na pikipiki inajikuta imefika mlangoni kwake. Dereva anashuka mikono kichwani na anasema neno moja: "Sikumwona."

Mara nyingi anasema kweli. Alitazama, na hakumwona. Sasa hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, maana tukisikia "sikumwona" tunalipokea kama habari ya kudra, tunasema basi, bahati mbaya. Kutomwona kuna sababu zinazojulikana, na kila sababu ina dawa yake. Mtu aliyepewa leseni ya kuendesha chuma cha tani moja au tani 30 ana wajibu wa kuzijua sababu hizo.

Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kilitoa ripoti ya mtafiti Harry Hurt. Wachunguzi wake walifika kwenye ajali za pikipiki zipatazo 900 jijini Los Angeles na kupitia taarifa za polisi 3,600. Robo tatu ya ajali hizo pikipiki iligongana na chombo kingine, mara nyingi gari dogo, na katika theluthi mbili ya migongano hiyo aliyeinyima pikipiki njia alikuwa dereva wa chombo kile kingine. Miaka karibu 20 baadaye Ulaya nao wakachunguza ajali 921 katika nchi tano, kwenye utafiti uitwao MAIDS. Nusu ya ajali zile chanzo kikuu kilikuwa kosa la dereva wa chombo kingine, na katika makosa hayo zaidi ya 7 kati ya kila 10 yalikuwa ya kutoitambua pikipiki iliyopo mbele ya macho. Lipo jambo jingine ndani ya utafiti huo ambalo ningependa kila mwalimu wa udereva hapa mkoani alishike: madereva wa magari waliokuwa na leseni ya pikipiki walifanya kosa hilo mara chache zaidi. Macho yao yalikuwa kama ya wenzao. Tofauti ni kwamba walijua wanatafuta nini.

Zile ni barabara za wenzetu, lakini jicho la mtu wa Los Angeles na jicho la mtu wa Ipuli limeumbwa sawa. Hebu nyoosheni mkono mbele, inueni kidole gumba. Upana wa kidole hicho ndio takriban eneo ambalo jicho lako linaona kwa ukali kabisa. Kingine chote kinaonekana kwa ukungu na ubongo unakisia. Sasa pikipiki ikija uso kwa uso, kutoka ncha ya usukani hadi ncha nyingine ni kama sentimita 80. Ikiwa umbali wa mita 100, inaziba robo tu ya kidole hicho. Gari dogo kwa umbali uleule linaziba nusu. Kwa hiyo ukitupa jicho haraka ukitafuta magari, utaona magari.

Jicho halitelezi barabarani kama tochi. Linaruka. Linatua hapa, linaruka, linatua pale, na wakati wa kuruka ubongo unazima picha ili usipate kizunguzungu, kisha unaliziba pengo kwa rangi ya lami na majani ya jirani. Dereva anayegeuza kichwa haraka kushoto na kulia ametua mara mbili au tatu tu. Pikipiki iliyokuwa kwenye pengo haikuingia kichwani mwake hata kidogo, naye anaamini kabisa ametazama barabara nzima. Dawa yake ni kupunguza kasi ya kichwa. Tua mbali, tua katikati, tua karibu, kisha upande wa pili vivyo hivyo, na rudi tena ulikoanzia. Kazi hiyo inachukua sekunde 3 hadi 4. Ukiona imechukua sekunde 1, hujatazama.

Kingine ni nguzo ya kioo cha mbele, ile inayoshika paa pembeni mwa kioo. Pamoja na mpira na plastiki zake inafika upana wa sentimita 12 hivi, nayo iko kama sentimita 70 kutoka machoni. Piga hesabu: kwa umbali wa mita 30, hata ukiwa na macho yote mawili, inaficha ukanda wa karibu mita 2 na nusu. Pikipiki ya Boxer au TVS ina urefu wa kama mita 2. Inajificha nzima, na dereva, na abiria wake. Na kibaya zaidi, ikiwa gari linasogea kuelekea njia panda na pikipiki nayo inasogea kwenye njia panda ileile, kwa mwendo unaolingana, pikipiki inabaki nyuma ya nguzo ileile hadi dakika ya mwisho. Ndiyo maana wengine wanaapa kwamba pikipiki "ilichomoka ardhini". Hapa dawa ni ya mwili: kabla ya kutoka, inama mbele mpaka kifua kikaribie usukani, kisha egemea nyuma, huku ukitazama pande zote mbili za nguzo. Madereva wa Fuso na mabasi wana kioo cha pembeni kikubwa kinachoongeza unene wa nguzo hiyo, hivyo wao wainame zaidi. Na vile vitu tunavyoning'iniza kwenye kioo cha ndani, tasbihi, rozari, viatu vya mtoto, bendera za timu, viondoeni. Mapenzi ya Simba na Yanga yakae mahali pengine ndani ya gari.

Halafu kuna kupima mwendo. Kitu kinachokujia moja kwa moja hakisogei kulia wala kushoto, kinaongezeka ukubwa tu. Pikipiki yenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kutoka mita 100 hadi mita 50 inatumia sekunde 3 na nusu, na ukubwa wake machoni unaongezeka mara mbili, polepole, usione. Kutoka mita 20 hadi mita 10 nako inaongezeka mara mbili, lakini kwa sekunde 0.7. Ukichanganya na tabia ya akili yetu kudhani kitu kidogo kiko mbali na kinakuja taratibu, unapata dereva ambaye ameiona kabisa pikipiki, akasema moyoni "nawahi", na hakuwahi.

Basi acheni kukisia, tumieni kipimo. Gari dogo lililosimama, likianza kukunja kulia hadi mkia wake utoke kabisa kwenye njia ya mwenzako, linahitaji sekunde 4 hivi. Kwa pikipiki ya mwendo wa 50 hizo ni mita 56. Kwa mwendo wa 70, ambao si halali ndani ya makazi lakini upo, ni mita 78. Fuso iliyopakia magunia inahitaji sekunde 7 au zaidi, yaani karibu mita 100, na tela la tumbaku zaidi ya hapo. Nguzo za umeme mitaani husimama takriban mita 50 kutoka moja hadi nyingine. Pima za mtaa wako kwa hatua ujue. Pikipiki ikiwa karibu kuliko nafasi mbili za nguzo, yaani kama mita 100, subiri. Mwenye lori ahesabu nafasi tatu au nne. Kusubiri huko ni sekunde chache tu.

Msiitegemee indiketa ya pikipiki. Ya gari hujizima yenyewe usukani ukirudi. Nyingi za pikipiki hazijizimi. Bodaboda alikunja Kanyenye, akasahau, anafika kwako bado inamulika kushoto. Wewe unasema "huyu anakunja", unatoka, naye anakwenda moja kwa moja. Subiri uone mwendo umepungua na pikipiki imeanza kulala upande wa kona. Hapo ndipo indiketa imethibitishwa.

Tabora ina mambo yake ambayo vitabu vya udereva haviyasemi. Miembe yetu, iliyoko mjini tangu enzi za misafara, inaweka kivuli kizito barabarani, kisha jua kali, kisha kivuli. Jicho lililozoea mwanga linahitaji muda kuona gizani, na pikipiki nyeusi yenye mwendeshaji aliyevaa koti jeusi ikiwa chini ya mwembe saa nane mchana haionekani vizuri kama unavyodhani. Simwambii mtu akate mwembe, na ningehuzunika kuona umekatwa. Ninaloomba kwa Manispaa na wakala za barabara, TARURA na TANROADS, ni kupogoa matawi ya chini karibu na njia panda yafike angalau mita 2 na nusu juu, na vibanda na mabango ya matangazo yaondolewe kwenye pembe za kona. Jambo la pili ni jua. Barabara ya Urambo inaelekea magharibi. Anayetoka mjini saa kumi na moja na nusu jioni jua liko usoni, na anayeingia mjini asubuhi vilevile. Vumbi la kiangazi likiwa juu ya kioo, mwanga unatawanyika na kioo kizima kinageuka pazia jeupe. Safisha kioo nje na ndani kila asubuhi, ndani hasa, maana wengi husahau utando wa mafuta na vumbi ulioko ndani. Badili raba za waipa kabla ya mvua za Novemba. Na jua likiwa nyuma yako usifurahi, maana anayekuja mbele yako ndiye aliyepofuka.

Kwenye kipilefti sitakaa sana: aliyemo ndani anapishwa, anatoka kuliani kwako, na pikipiki ikiwa ndani ni chombo kamili kama basi. Anayeingia kwa kuisukuma pikipiki kwa sababu ni ndogo amefanya kosa lilelile la njia panda.

Madereva wa malori, mnisikilize. Tunaendesha kushoto, mnakaa kulia, hivyo upande wa kushoto wa lori ndio kipofu. Lori refu likitaka kukunja kushoto linavuta kwanza kulia kupata nafasi. Bodaboda wa nyuma anaona mlango umefunguliwa kushoto, anaingia. Kisha lori linakunja na magurudumu ya nyuma yanakata kona kwa ndani kuliko ya mbele, ndiyo yanayomkanyaga. Washeni indiketa angalau mita 30 kabla ya kona. Tazama kioo cha kushoto kabla hujavuta kulia, tazama tena kabla ya kukunja, tazama tena katikati ya kona, kwa sababu pikipiki inaingia hapo ndani ya sekunde 2. Utingo akiwepo, kichwa chake kiwe nje ya dirisha la kushoto mpaka kona iishe. Kioo kidogo cha mbonyeo kinachoonyesha ubavu chini ya mlango ni bei ndogo mno kulinganisha na maisha ya mtu.

Na sasa lile linalotendeka kila siku barabara ya Nzega bila mtu kuliita kosa. Basi linaovateki, pikipiki inakuja mbele, dereva anamulika taa kubwa, maana yake "ondoka". Pikipiki inatupwa nje ya lami. Ukingo wa lami sehemu nyingi umelika, unashuka sentimita 10 au zaidi hadi kwenye changarawe. Tairi la pikipiki likishuka hapo kwa mwendo wa 60, mwendeshaji akijaribu kurudi, ubavu wa tairi unakwaruza ukingo, haupandi, na pikipiki inaanguka kuelekea ndani ya barabara, chini ya basi hilohilo au la nyuma yake. Gari halijamgusa, kwa hiyo dereva anaendelea na safari na hakuna anayeandikiwa chochote. Huko ni kunyima njia, tena kwa makusudi, na mimi nakuona ni kubaya kuliko kwa yule aliyekata kona bila kuona. Yule wa kona alishindwa kuona. Huyu aliona. Kama njia ya mbele ina pikipiki, njia ina mtu, na kuovateki kunasubiri. Ukiipita pikipiki inayokwenda upande wako, acha nafasi ya mita 1 na nusu. Upepo wa basi peke yake unatosha kuyumbisha pikipiki ya kilo 120.

Milango nayo. Dereva afungue mlango wa kulia kwa mkono wa kushoto. Mkono ukivuka kifua, mwili unageuka, macho yanakwenda kwenye kioo na nyuma yake. Abiria wa kushoto afungue kwa mkono wa kulia. Wafundisheni watoto, wanashika upesi.

Nimesema zamu ya bodaboda itafika. Kijana, haki ya kupita haikukingi, mwili wako ndio unaopokea chuma. Pikipiki yenye mwendo wa 50 kwenye lami kavu, ukihesabu sekunde 1 ya kushtuka na kushika breki, inasimama kwa mita 30 hadi 35. Juu ya vumbi, au mvua ya kwanza inapochanganya vumbi na mafuta, ni mita 45 na zaidi. Abiria na mzigo vinaongeza. Kwa hiyo ukikaribia njia panda yenye gari linalosubiri, achia mafuta kidogo, weka vidole viwili juu ya breki ya mbele na mguu juu ya breki ya nyuma. Umejipatia karibu nusu sekunde, ambayo ni mita 7. Usitazame macho ya dereva, macho yanadanganya. Tazama tairi lake la mbele: likianza kuzunguka au kugeuka, gari limeanza. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha sehemu kubwa ya pikipiki kwenye lami, ingawa vijiweni inasingiziwa kupindua watu. Inapindua ikikamatwa ghafla au tairi likiwa limegeuzwa. Ikikamuliwa kwa kuongeza nguvu taratibu, inaokoa. Waya wake ukiwa umelegea mpaka mkono wa breki unagusa usukani, huna breki.

Onekana. Utafiti wa jiji la Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta waliovaa nguo za kuakisi mwanga walikuwa na hatari ya kuumia pungufu kwa asilimia 37, wenye kofia nyeupe pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye kofia nyeusi, na waliowasha taa ya mbele mchana pungufu kwa asilimia 27. Kwa hiyo taa iwake mchana kutwa, na koti la kuakisi lisivaliwe chini ya jaketi jeusi. Kofia ngumu, kwa hesabu zilizokusanywa kutoka nchi nyingi, inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, lakini ni ile iliyofungwa mkanda, vidole viwili tu vikipita kati ya mkanda na kidevu. Kofia iliyopigwa chini kwenye ajali moja haifai tena hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani limekwisha kubonyea. Na ya abiria iwepo, inayomtosha.

Ajali ikitokea, mambo mawili huharibika hapa kwetu: mgonjwa na ushahidi. Dereva simama hapohapo, washa taa za hatari, weka pembetatu nyuma na mbele, piga 112. Usimvue majeruhi kofia kama anapumua. Usimkalishe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine kumkimbiza hospitali ya Kitete. Shingo au paja lililovunjika linamaliziwa humo njiani. Tafuta mlango, ubao, kitanda, gari lenye sakafu ndefu, alale chali, kichwa na shingo vishikwe visigeuke. Damu inayotoka, bana kwa kitambaa bila kuachia. Kabla pikipiki haijasogezwa, mtu mmoja apige picha za simu pande zote nne: alama za tairi, vioo vilivyomwagika, upande lilikogeuzwa tairi la mbele la gari, taa na indiketa. Vipande vya vioo na udongo uliodondoka chini ya magari ndivyo vinavyosema mgongano ulikuwa kwenye njia ya nani. Andika namba ya gari, stika ya bima, na simu za mashahidi wawili ambao si wa kijiwe chako.

Msimalizane barabarani. Dereva anatoa noti chache, kijana anajipapasa, anasema mzima, wanaachana. Usukani wa pikipiki ukimpiga mtu tumboni, bandama linaweza kuvuja damu kimyakimya kwa saa kadhaa kabla hajaanguka. Na aliyekubali noti zile bila kufika polisi hana PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hana ramani ya ajali iliyochorwa na askari, na hana cha kushika akienda kudai bima. Bima ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ipo kwa ajili ya huyo aliyegongwa. Ni haki yake, asiione kama hisani ya mwenye gari.

Sasa adhabu. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, Sura ya 168. Kosa la papo kwa papo kwa gari ni faini ya shilingi 30,000. Kwa pikipiki na bajaji lilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 katika bajeti ya 2021/22. Asiyekubali kosa ana haki ya kupelekwa mahakamani, na mahakama ina uwezo wa kumfungia mtu leseni. Vyombo vipo. Kasoro ninayoiona ni kwamba kunyima njia kunahesabiwa kidogo mpaka mtu afe. Akipona bila mguu, uzito wa kosa unashuka kana kwamba mguu unaota tena.

Wenzetu wengine wameliona pengo hili. Uingereza, kuanzia tarehe 28 Juni 2022, kumsababishia mtu jeraha kubwa kwa uendeshaji wa kizembe ni kosa linalosimama peke yake, na kifungo chake kinafika miaka 2. Kabla ya hapo jeraha kama hilo liliishia kwenye kosa dogo la uzembe. Jimbo la Wisconsin nchini Marekani limepanga ngazi kwa kosa hilihili la kutopisha: mtu akiumia, dola 200 na leseni kufungwa miezi 2, akiumia vibaya, dola 500 na miezi 3, akifa, dola 1,000 na miezi 9, na anayehukumiwa anarudishwa darasani kujifunza kutoa njia. Jimbo la Washington, tangu Julai 2012, limewataja waendesha pikipiki ndani ya kundi la watumiaji wa barabara walio dhaifu, na dereva mzembe aliyemjeruhi vibaya mmoja wao anakabiliwa na dola 1,000 hadi 5,000 na leseni kufungwa siku 90.

Katika hayo, ningechukua ngazi na darasa kabla ya fedha. Kwa dereva wa kazi, miezi 2 bila leseni inauma kuliko faini ambayo tajiri wake atamlipia. Na darasa linagusa chanzo, kwa kuwa wengi wanaokata mbele ya pikipiki hawakukusudia. Wanahitaji kufundishwa kutazama. Hata pale ambapo hakuna aliyegongwa, dereva aliyemlazimisha bodaboda kushuka kwenye lami akamatwe kwa kosa hilo kwa jina lake, siyo mpaka damu imwagike. Tahadhari yangu moja: adhabu ikiwa kali kwa anayesimama na nyepesi kwa anayekimbia, watakimbia. Kwa hiyo anayekimbia akamatwe na alipe zaidi, na aliyesimama, akapiga simu, akafunga kidonda, mahakama imtazame kwa hilo. Na ngazi zilezile zimfuate bodaboda anayemnyima njia mama aliyeshika mtoto kwenye zebra. Hapo yeye ndiye chombo kikubwa.

Nimemaliza maneno, limebaki zoezi. Nje, chini ya mwembe, kuna lori limezimwa, ufunguo umetolewa na magurudumu yana kabari. Tumepanga pikipiki nne kulizunguka: moja ubavuni kushoto usawa wa mlango, moja mita 3 nyuma ya tela, moja mbele ya bampa upande wa kushoto, na moja mita 30 mbele, kwenye pembe ya nguzo ya kioo. Kila dereva atapanda, atakaa anavyokaa siku zote bila kuinama, na atamwambia askari aliyesimama chini ameona ngapi. Kisha ainame mbele, aegemee nyuma, atazame vioo kwa mpangilio tuliosema, na ahesabu tena. Bodaboda nao wapande, wakae kwenye kiti hicho, watazame sehemu ambayo wao hupenda kupita. Tuanze na madereva wa Fuso, kumi kumi.